Kwenda kuhesabiwa: Krismasi yangu ya kwanza ukweni Kilema

Nimerudi Mombasa wiki mbili sasa. Kumbukumbu zote zimo kwenye simu: risiti nilizozipiga picha, majina ya vituo, na ujumbe wa sauti niliojirekodia usiku nimejifunika blanketi mbili. Nimezipanga kwa siku. Kuna siku nitazirefusha na kuna siku nitazipita mbio, maana nyingine tulilala tu tukisikiliza mvua.

Kwanza utani. Watanzania husema ikifika Desemba Wachaga wote hurudi Kilimanjaro kuhesabiwa. Tulifunga ndoa Mombasa Aprili mwaka jana, wakwe zangu wakaja, wakakaa siku mbili, wakaondoka. Mimi nilikuwa sijakanyaga kwao Kilema, mlimani Kilimanjaro. Oktoba mama mkwe akapiga simu, na baada ya salamu za dakika kumi akasema tu, "Mwaka huu mnakuja." Haikuwa na alama ya kuuliza.

Jumamosi, 21 Desemba 2024: Mombasa hadi Bura

Tiketi za treni hadi Voi tulizitafuta siku nne kabla, zikawa zimekwisha. Tukapanda matatu. Nauli ya Voi ambayo mimi huilipa 500 siku hiyo ilikuwa shilingi 700, na makanga alituambia bila haya kwamba jioni itakuwa 1,000.

Mariakani tulikaa saa mbili kasorobo kwenye foleni ya malori. Mume wangu alinunua mahindi ya kuchoma mara mbili kutoka kwa mwanamke yuleyule, maana alitembea akapita gari letu, akarudi, na sisi tulikuwa palepale. Mackinnon Road mzee mmoja akamwomba dereva asimame kidogo kwenye kaburi la Sayyid Baghali ashuke kutoa sadaka. Hakuna aliyenung'unika. Baada ya Mariakani sote tulikuwa tunahitaji dua.

Voi tukabadilisha gari, tukafika kwa mama yangu Bura, Taita, kabla ya magharibi. Mama alikuwa amepika kimanga cha muhogo na maharage, na kando ameweka mzigo wa kupeleka: kilo tatu za makadamia, chupa mbili za asali, na leso, yaani kanga, niliyomnunulia mama mkwe Biashara Street, yenye maneno "Wema hauozi". Mama aliikunjua leso yote, akayasoma maneno mara mbili kuhakikisha hayana fumbo la kumuudhi mtu, akaikunja tena. "Ukweni," akasema, "kila kitu kinasomwa."

Kwa atakayefuata njia hii: ukitoka Mombasa alfajiri unaweza kufika Himo, upande wa Tanzania, siku hiyohiyo, lakini Desemba usijiahidi. Voi na Mwatate zina nyumba za wageni za bei nafuu. Kama una mama Bura, bora zaidi.

Jumapili, 22 Desemba: Bura, Taveta, Holili, Himo, Kilema

Misa ya asubuhi ilikuwa katika kanisa lilelile nililobatizwa. Baba yangu alipenda kutuambia kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bura mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndio haohao walioanzisha ya Kilema karibu wakati uleule. Nilipokuwa mdogo Kilema ilikuwa jina tu kwenye hadithi yake. Sasa nimeolewa huko, na baba hayupo wa kuniambia "nilikwambia".

Barabarani tulisubiri saa moja na nusu. Gari zilipita zimejaa, nyingine mizigo imefungwa juu hadi zinayumba. Hatimaye moja ikatuchukua kwa 500 kila mtu hadi Taveta. Baada ya Maktau, ndani ya Tsavo Magharibi ambako hushuki garini ovyo, gurudumu la nyuma likapasuka. Dereva alikuwa na gurudumu la akiba lakini hana jeki.

Tulikaa ndani. Kinyesi cha tembo kilikuwa pale barabarani, kibichi. Magari matatu yalitupita yakipiga honi kama pole. La nne lilikuwa lori la saruji. Dereva wake, mtu mzima mwenye kofia ya sufu jua la saa saba, akashuka na jeki yake bila hata kuulizwa. Akainua gari, akabadilisha gurudumu yeye mwenyewe huku dereva wetu akishika nati. Tukachangishana akakataa. Nikampa mfuko mdogo wa makadamia. Hizo akazipokea, akauliza, "Hizi zinavunjwa na nini?" Mume wangu akamwambia nyundo. Akacheka akaonyesha jeki.

Karibu na Taveta unapita kilima cha Salaita. Februari 1916 Waingereza walishindwa hapo na Wajerumani, na reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Nilikuwa nimekipita mara nyingi nikienda sokoni Taveta, lakini sikuwahi kwenda mbele zaidi. Soko lenyewe ni Jumatano na Jumamosi. Jumapili mji ulikuwa umelala.

Bodaboda hadi mpakani ilikuwa 100 kila mtu, na begi kubwa likalipiwa kama abiria. Siku hizi pande zote mbili ziko chini ya paa moja: unagonga muhuri wa kutoka Kenya, unasogea hatua chache, unagonga wa kuingia Tanzania. Foleni ilikuwa dakika hamsini. Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuwa na cheti cha homa ya manjano, akawekwa kando, na tulipoondoka alikuwa bado kando. Mimi nilikuwa nacho. Niliona watu waliopita na hati ya muda ya kusafiria, lakini pasipoti ilikwenda haraka zaidi. Ofisa wa upande wa Tanzania alifungua pasipoti yangu mpya isiyo na muhuri hata mmoja.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Ukweni. Kilema."

Akagonga muhuri. "Haya, kahesabiwe."

Hela: vijana wenye mabunda watakuzunguka kabla hujatua mguu. Waambie asante. Sisi tulibadilisha dukani kwa 18, yaani shilingi 10,000 za Kenya zikawa 180,000 za Tanzania, na kwa nusu saa nikajiona tajiri. Kisha tukafika Himo.

Haisi ya Holili hadi Himo ilikuwa 2,000 kila mmoja pamoja na mizigo. Himo palikuwa kama Mwembe Tayari ya Mombasa siku ya mkesha. Mabasi ya Dar yalikuwa yanashusha watu, watu wanashusha magodoro, televisheni, maboksi ya biskuti, mbuzi mmoja aliyevikwa utepe mwekundu shingoni. Magari madogo yenye vumbi la safari ndefu yalikuwa yamepanga mstari kuelekea mlimani, taa zimewashwa, hayaendi. Foleni, kijijini! Teksi ambayo mume wangu alisema ni 12,000 ikaitisha 30,000, tukaafikiana 25,000. Dereva alikuwa na busara: "Kaka, mwaka una Desemba moja."

Tulipanda barabara ya Marangu kisha tukakata kushoto. Giza, migomba pande zote mbili, na baridi inaingia dirishani kidogokidogo kama mtu anayebisha hodi. Tulifika saa tatu usiku. Taa ya nje ikawashwa, watu kumi na wawili wakatoka kwa pamoja, na mimi ambaye nimefundishwa njia nzima kusema "shikamoo" nikamwambia bibi yake mume wangu, mwenye miaka tisini na kitu, "Habari yako?"

Kimya. Mama mkwe akaniokoa. "Amechoka na safari huyu. Pole mwanangu."

Kwetu Taita mambo ya shikamoo hatukuyakulia. Kwa Mkenya mwenzangu: huko si pambo. Kila anayekuzidi umri, hata kwa miaka mitano, hata konda. Anza nayo mapema ulimi uzoee.

Jumatatu, 23 Desemba: mgeni

Niliamka saa kumi na mbili nikakuta kitanda cha mume wangu kitupu. Nikatoka nje na leso mabegani. Kwanza sikuuona mlima kwa sababu nilikuwa naangalia chini sana. Mume wangu, aliyekuwa kwenye zizi, akasema, "Inua kichwa." Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa juu ya migomba, mahali ambapo mimi nilidhani ni mawingu, nyeupe na waridi. Kutoka Taveta huwa naiona kama picha ukutani. Hapo ilikuwa kama jirani aliyesimama uani. Saa tatu mawingu yakaifunga. Ukitaka kuuona mlima, usilale.

Kihamba chao, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, hakizidi ekari moja na nusu lakini kimepangwa kama kabati. Juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi. Mfongo, yaani mfereji, unapita ukingoni, maji yanatoka juu mlimani, na kila ukoo una siku yake ya kuyafungulia. Ng'ombe wawili hawatoki bandani. Majani yanawafuata wao. Nyuma ya nyumba kuna makaburi manne yaliyozungushiwa mimea ya masale. Baba mkwe alinipeleka hapo kabla ya chai, akanitambulisha kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyotambulishwa mtu sebuleni: "Huyu ndiye mke wa mjukuu wenu. Anatoka kwa Wataita."

Siku nzima nilikatazwa kazi. Nikishika ufagio, unachukuliwa. Nikishika sufuria, "Acha mwanangu, wewe mgeni." Methali tunaijua sote, siku ya tatu mpe jembe, lakini pale sikuona dalili ya jembe. Nililetewa kiti. Nililetewa chai. Nililetewa mtoto wa shemeji nimbebe, mtoto akalia, akachukuliwa naye.

Mchana nikaomba niende dukani walau kununua kiberiti. Nikamwambia mwenye duka, "Nipe kiberiti na maji." Alinipa, lakini kwa uso wa mtu aliyesukumwa. Nyuma yangu mtoto wa darasa la pili akasema, "Shikamoo. Naomba sukari nusu." Nilijifunza naye. Na jioni nikauliza, "Nyanya amelala?" Wifi mdogo akaenda jikoni, akarudi na nyanya tatu kwenye bakuli, akaniuliza kama zinatosha. Sasa nasema bibi.

Jumanne, 24 Desemba: mbege, mbuzi na utomvu

Hii ndiyo siku nitakayoikumbuka, kwa hiyo mnivumilie.

Mbege, pombe ya ndizi, ilianza kabla hatujafika. Ndizi mbivu zilikuwa zimechemshwa zikawa nyekundu iliyokolea, zikafunikwa siku kadhaa. Siku hiyo ikawa ya ulezi: kimea kilichosagwa kinapikwa uji, unapoa, unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na magome ya msesewe yanatia uchungu. Mama mkwe alikoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi, akaonja kwa kata, akatema, akaongeza. Nikauliza kipimo. Akanitazama kama niliyeuliza kipimo cha kupumua.

Saa nne baba mkwe na ndugu zake wakachinja mbuzi wawili. Kazi hiyo ni ya wanaume, na kugawa pia. Nilidhani nyama ni nyama, lakini pale kila kiungo kina mwenyewe. Kidari kiliwekwa juu ya jani la mgomba kwa ajili ya kaka mkubwa wa baba mkwe, ambaye hata hajafika. Kipande cha mgongo kikapelekwa kwa akina mama. Kuna fupa lililosababisha mazungumzo ya dakika ishirini kwa Kichaga, mikono ikiinuka, mpaka mzee mmoja akalichukua akaliweka upande wa pili, wote wakanyamaza. Mume wangu akaninong'oneza: "Mwaka juzi lilikosewa." Mwaka juzi!

Kisusio kikapikwa hapohapo nje, supu ya matumbo na damu. Nilikunywa nusu kikombe. Ina ladha ya chuma na pilipili, na kwa baridi ile haikuwa mbaya. Nusu nyingine nilimpa mume wangu gizani.

Kisha mambo yakaharibika. Wifi mkubwa, ambaye ndiye fundi wa machalari (ndizi na nyama) wa nyumba hiyo, alikuwa njiani kutoka Dar. Basi lake lilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi alasiri alikuwa Korogwe. Saa kumi na mbili jioni alikuwa "karibu na Same", ambako nilikuja kugundua ni mahali watu wanapokuwa kwa muda mrefu sana. Umeme ukakatika. Wifi mdogo alikuwa amejikata kidole kwenye kisu cha nyama. Mikungu miwili ya mchare, ndizi za kupika, ilikuwa imelala sakafuni jikoni, haijaguswa, na kesho yake watu arobaini wanakuja.

Mama mkwe akasimama katikati ya jiko na taa ya chemli, akaitazama mikungu, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Akanisogezea kisu na beseni la maji kwa mguu.

Nilikaa chini kabla hajabadilisha mawazo.

Bibi alikuwa kwenye kigoda karibu na moto. Akasema kitu kwa Kichaga, polepole, akinionyesha mikono yake mwenyewe, anaisugua. Mimi najua neno moja tu la Kichaga nililolifanyia mazoezi. Nikainamisha kichwa nikasema, "Aika." Asante. Bibi akatikisa kichwa kwa furaha, akanyamaza.

Mchare haumenywi kama tunavyomenya ndizi za kupika Mombasa. Unakata ncha mbili, unapasua ganda kwa urefu, unaingiza kidole gumba chini yake na kulitoa kama unamvua mtoto soksi. Ikiwa mbichi kabisa ganda linang'ang'ania na utomvu unatoka. Mwanzoni utomvu hauna rangi. Unanata tu. Nilimenya ndizi ya kwanza kwa dakika mbili nzima. Ya kumi nikaanza kuelewa. Ya hamsini mama mkwe, aliyekuwa akimenya mara tatu ya kasi yangu kando yangu, akaanza kunihadithia alivyoolewa, jinsi na yeye alivyotoka Kibosho, "nchi nyingine kabisa", na jinsi mama mkwe wake, huyuhuyu bibi wa kigodani, alivyomwacha mwezi mzima bila kumwonyesha mahali chumvi inapowekwa. Bibi alisikia jina lake akacheka bila kufungua macho.

Wifi alifika saa sita na robo usiku. Saa kumi na nane njiani. Akaingia jikoni na kitenge kimejaa vumbi, akasalimia, akaona mikono yangu kwenye mwanga wa chemli, akapiga kelele.

"Hukupaka mafuta?"

Mikono yangu ilikuwa nyeusi. Si uchafu, weusi wa wino, umeingia kwenye kila mstari wa kiganja na kuzunguka kila kucha. Mama mkwe akashika mdomo. "Lakini bibi alimwambia! Nilimsikia akimwambia apake mafuta kwanza. Na yeye akasema asante."

Walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Wifi alijaribu ndimu, kisha majivu, kisha mafuta ya taa. Hakuna kilichosogea.

Kwa hiyo: kabla ya kumenya mchare, paka mafuta ya kupikia mikono yote, hadi juu ya kifundo. Na ukiambiwa kitu kwa lugha usiyoijua, uliza.

Jumatano, 25 Desemba: Krismasi

Kanisa lilijaa hadi nje. Waliotoka mijini ungewajua kwa viatu, na kwa jinsi walivyoshindwa kuvumilia baridi waliyozaliwa nayo. Mwisho wa misa wageni kutoka nje ya nchi wakaombwa wasimame. Tulikuwa watano. Nikapigiwa makofi nikiwa nimeficha mikono nyuma. Lakini kabla ya hapo, kwenye komunyo, nilikuwa nimeshaikunjua mbele ya padri. Akaitazama, akanitazama, na nyuma ya "Mwili wa Kristo" nikaliona tabasamu.

Chakula: mtori wa ndizi asubuhi, mzito, na mbavu ndani yake, mchana machalari, pilau, nyama choma, kabichi, ndizi mbivu. Ndizi zangu mimi zilitambulika, zile zenye mabaki ya ganda. Hakuna aliyesema. Mbege ilipitishwa kwa kata, wazee kwanza. Ina uchachu, unga unabaki kwenye fizi, na uchungu wa msesewe unakuja mwishoni ukiwa umeshameza. Kata moja inatosha. Nilikunywa mbili, na nasikia niliimba.

Mama mkwe alivaa leso ile juu ya gauni lake, maneno yameelekea mbele. Wageni waliyasoma mmoja mmoja, nami nikamkumbuka mama yangu.

Alhamisi, 26 Desemba: daftari

Sasa ndipo nilipojua utani una mizizi. Saa tano ukoo mzima ukakusanyika chini ya mparachichi. Baba mdogo, aliyekuja kwa treni kutoka Dar kwa sababu anasema mabasi ya Desemba yatamuua, akafungua daftari kubwa lenye jalada jeusi. Akasoma nyumba moja moja: nani amekuja, nani hakuja na kwa nini, nani amezaliwa, nani amefariki, nani amelipa. Mchango ulikuwa 50,000 kwa kila nyumba, wa karo za watoto wawili yatima na kukarabati kipande cha barabara. Asiyefika anatuma. Asiyetuma anatajwa, na kutajwa pale si jambo dogo.

Mara akasimama mtu mzima mmoja, binamu wa baba mkwe, na jani la isale mkononi, lile la makaburini ambalo kwa Wachaga ni la kuomba msamaha, limefungwa fundo. Alikuwa amegombana na kaka yake kuhusu mpaka wa kihamba, miaka minne hawasalimiani. Akatembea hadi alipokaa kaka yake akalinyoosha lile jani. Yule kaka alikaa kitambo akiangalia chini. Mume wangu akaninong'oneza kwamba isale halikataliwi. Naam, halikukataliwa, lakini lilisubirishwa. Nilisikia jogoo akiwika mara mbili kabla mkono haujanyooka. Baada ya hapo ajenda ikaendelea na mambo ya barabara.

Mwisho baba mdogo akafika kwenye nyumba yetu. Akaandika jina langu la ubatizo, akauliza la pili, nikamtajia, akaniomba nitamke tena. Kisha akavua miwani akaitazama mikono yangu. "Huyu," akawaambia wote, "tayari amesaini."

Ijumaa 27 na Jumamosi 28

Ijumaa tulikwenda Marangu. Maporomoko ya Kinukamori yanastahili ngazi zake. Chukua viatu visivyoteleza, na beba kitambulisho maana mgeni wa Afrika Mashariki halipishwi kama Mzungu. Kwenye lango la mlima huwezi kupita bila kulipa, lakini mahali penyewe ni pazuri kukaa na chai ukiangalia wapagazi wakipima mizigo. Ni Mmarangu, Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana alimwongoza Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Na Johannes Rebmann aliyeuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848 alikuwa ametoka Rabai, nyuma tu ya Mombasa, kwa miguu, kupitia Taita. Nilifikiria foleni ya Mariakani nikaamua tusilalamike tena.

Jumamosi ilinyesha. Tulikula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, tukalala.

Jumapili 29 na Jumatatu 30: kurudi

Mama mkwe alitufungia mkungu mzima wa mchare, magimbi, kahawa kilo mbili iliyokaangwa uani, na chupa ya mbege niliyomwomba asitufungie kwa kuhofia ingelipuka njiani. Akaitoa mbege. Mkungu haukujadiliwa.

Kushuka Himo teksi ilikuwa 15,000. Watu wengi hubaki hadi mwaka mpya, basi ukiondoka kabla ya tarehe 2 unapata nafuu. Badilisha shilingi za Tanzania zilizobaki hapohapo mpakani, usizibebe hadi Mombasa. Forodhani ofisa aliuliza mkungu ni wa biashara. Mume wangu akasema ni zawadi ya mama. Ofisa akaikagua mikono yangu, naye ni wa huku Taveta anawajua majirani zake, akasema, "Na wewe hukupaka mafuta." Tukapita.

Tulilala Bura. Mama alinisugua kwa jiwe la kisimani, bure. Jumatatu tukafika Mombasa saa kumi, joto likatupokea mlangoni kama mbwa.

Hesabu yetu kwa watu wawili, kwenda na kurudi, nauli zote pamoja na teksi: shilingi 8,900 za Kenya. Mchango wa ukoo 50,000 za Tanzania. Zawadi sitaji.

Ninafanya kazi duka la dawa, na kwa siku kumi wateja waliitazama mikono yangu kabla ya kuzipokea dawa zao. Wiki iliyopita nilimenya ndizi za mwisho za machalari, mafuta hadi kwenye viwiko. Nikapiga simu Kilema kuringa. Mama mkwe akampa bibi simu. Bibi akasema maneno marefu kwa Kichaga, akanyamaza kusubiri.

Neno "aika" lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikampa mume wangu simu, nikamuuliza amesema nini.

"Anauliza zimebaki ngapi."

Nikaenda jikoni kuzihesabu.